Wiki Saba Zinaanzia Wapi: Niliyojifunza Nikitengeneza Filamu Fupi

Skripti ya kwanza ya filamu yetu ilikuwa na kurasa 13. Katika ukurasa wa nne mwanaume anafungua mlango wa chumba na kutoka, na katika ukurasa wa tisa anarudi. Kurasa zote zilizo katikati ni za mwanamke aliyebaki kitandani na kadi ya kliniki mkononi. Siku ya pili ya mazoezi, kijana tuliyempa nafasi ya mwanaume aliniuliza swali ambalo nilidhani nitalijibu kwa maneno mawili: "Dada, huyu mtu akitoka hapa anakwenda wapi?" Nilimwambia kwamba hahitaji kujua, kwa sababu kamera haimfuati. Akanijibu kwa heshima kwamba asipojua alikotoka hatajua namna ya kuingia. Nilimwahidi jibu kesho yake, nikapanda daladala kurudi nyumbani, na njiani nikatambua kwamba jibu lenyewe sina. Mwanaume yule niliyemwandika alikuwa mume wangu, jioni ile ilikuwa jioni ya kweli ya mwezi Aprili mwaka 2013, na kwa miaka tisa iliyopita tangu hapo sikuwahi kumuuliza alikwenda wapi.

Wakati ule tulikuwa tukiishi katika chumba kimoja cha kupanga Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye uwanja mmoja wa kufulia na choo kimoja cha nje. Hatukuwa tumefunga ndoa, na barua ya posa ilikuwa bado haijapelekwa kwetu. Yeye alikuwa utingo wa lori la mizigo, na safari zake nyingi zilikuwa za Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ambako malori hukaa kwenye foleni kwa siku kadhaa yakingoja kuvuka. Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika duka dogo la kupiga picha za pasipoti na kuhariri video za harusi, na ndiko nilikoanza kujifunza kazi ninayoifanya sasa. Nilikuwa nikimeza vidonge vya majira, kisha mwezi Januari nikaviacha, nikijiambia kwamba sina sababu ya kumeza dawa kila siku kwa ajili ya mtu ambaye mara nyingi hayupo. Sikujua, au niseme kwamba sikutaka kukumbuka, kuwa ukiviacha vidonge hivyo uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya wiki chache tu, na kwamba mwili haungojei ratiba ya malori.

Alirudi kutoka Tunduma tarehe 9 Machi. Mwanzoni mwa Aprili nilinunua kipimo katika duka la dawa, nikakitumia alfajiri kabla wapangaji wenzangu hawajaamka, na mistari miwili ikatokea. Mwisho wa mwezi huohuo kodi ilikuwa inaisha, na mwenye nyumba alikuwa akipokea ya miezi sita kwa mkupuo. Nilimwambia mwenzangu habari hiyo tukiwa tunakula, akanyamaza, akasema, "Tutaona," akaendelea kula. Alhamisi ya tarehe 18 Aprili tulikwenda kliniki pamoja, kwa kuwa katika hudhurio la kwanza mama hutakiwa kufuatana na mwenzake ili wote wapimwe virusi vya ukimwi na kupewa ushauri. Muuguzi aliniuliza siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho. Nilikuwa naikumbuka vizuri: 28 Februari. Akazungusha kile kiduara chao cha karatasi ngumu chenye tarehe, akaandika kwenye kadi, akasema bila kuinua macho, "Ujauzito una wiki saba." Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye benchi, bega lake likigusa langu.

Jioni ile mvua ya masika ilinyesha. Alisimama, akavaa viatu, akatoka bila kuaga, akarudi yapata saa tano usiku akiwa amelowa hadi mifukoni. Mimi niliamini kwamba alikwenda kutafuta mtu wa kumkopesha fedha za kodi. Imani hiyo nilikaa nayo miaka tisa, nikaandika skripti juu yake, na skripti hiyo ilikuwa na kasoro ambayo kila aliyeisoma aliiona isipokuwa mimi: mwanaume anatoka kwa sababu ya kodi, anarudi kwa sababu ya kodi, na katikati hakuna mtu.

Kabla sijamuuliza mume wangu, nilikuwa tayari nimempelekea skripti mkunga mmoja mstaafu ili anisahihishie mambo ya kliniki. Nilihofia hasa makosa madogo, maana filamu zetu nyingi hutangaza mimba kwa njia ileile: mwanamke anatapika, anaanguka, na katika tukio linalofuata daktari anasema hongera. Nilitaka mtazamaji aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki aione kliniki anayoijua, yaani mizani ukutani, foleni inayoanza saa moja asubuhi, kuchomwa kidole, vidonge vya kuongeza damu, na ratiba ya mahudhurio yanayofuata. Mama yule alisahihisha mambo mawili matatu, kisha akazungushia duara maneno "wiki saba" na kuandika pembeni: "Baba ameambiwa hesabu inaanzia wapi?"

Nilimpigia simu kumuuliza ana maana gani, naye akanieleza jambo ambalo nililibeba tumboni mwangu mara tatu bila kulijua sawasawa. Wiki za ujauzito hazihesabiwi tangu siku mimba ilipotunga, kwa kuwa siku hiyo kwa kawaida haijulikani. Zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tarehe ambayo mama anaweza kuikumbuka. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka yapata siku ya 14. Maana yake ni kwamba katika wiki mbili za mwanzo za hesabu hiyo mimba haipo kabisa, na mwanamke anayeambiwa ana ujauzito wa wiki saba, mimba yake kwa makadirio ilitunga wiki tano zilizopita. Zile wiki 40 zinazotajwa kuwa muda kamili wa ujauzito ni takribani wiki 38 tangu mimba kutunga. Mama yule akaongeza kwamba picha ya ultrasaundi haiondoi utata, kwa kuwa mashine hupima urefu wa kijusi na kutoa umri kwa kalenda hiyohiyo ya hedhi. Hivyo mtu asiyejua huona kwamba hata mashine imethibitisha alichokuwa anakihofia. "Mwanangu," aliniambia, "nimewaona akina baba wakihesabu kwa vidole palepale kwenye benchi. Wengine hawarudi tena kliniki, na sisi tunasema wanaume hawapendi kuja."

Nilichukua kalenda ya mwaka 2013 kwenye simu. Wiki saba kabla ya 18 Aprili ni 28 Februari. Tarehe 28 Februari mwenzangu alikuwa Tunduma.

Usiku ule, watoto walipolala, nilimuuliza. Sikutaja hesabu, wala mkunga, wala kijana wa mazoezini. Nilisema tu, "Baba, ile siku tuliyotoka kliniki mara ya kwanza, ulikwenda wapi?" Hakuuliza ni siku gani. Alisema, "Pantoni." Alikuwa amepanda daladala hadi Magogoni, akalipa shilingi 200, akavuka kwenda Kigamboni, akakata tiketi nyingine akarudi, akavuka tena, akarudi tena. Nilipomuuliza alikuwa akifanya nini humo, alijibu, "Nilikuwa nahesabu." Kila alipohesabu aliangukia Tunduma. Alisema aliazimia kuniuliza atakapofika nyumbani, lakini akiwa mlangoni aliniona nimeinama nikipanga ndoo chini ya bati linalovuja, akaona kwamba swali hilo likishatoka mdomoni halitarudi, hata kama jibu lake ni jema. Akanyamaza. Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya Desemba. Yeye, kwa hesabu yake ya miezi tisa tangu tarehe 9 Machi, akaona inalingana au inakaribia kulingana, na akaliweka jambo hilo chini. "Liliisha lenyewe," alisema.

Kwangu halikuisha. Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa, kwa sababu watu wanaposimulia mambo ya namna hii hupenda kufika haraka kwenye kusameheana. Nilikasirika. Kwa miezi minane nililala kitanda kimoja na mtu aliyekuwa akinishuku, nikampikia, nikamfulia, nikaulizwa na mama yangu kwa nini baba wa mtoto haonekani kliniki nikamtetea kwamba yuko safarini, ilhali siku nyingine alikuwa nyumbani akitengeneza redio. Alipochelewesha barua ya posa hadi mwezi wa nane niliamini kwamba ni fedha, kwa sababu familia yetu ilidai na faini ya kumpa binti mimba kabla ya ndoa. Mambo mengi ya mwaka ule niliyokuwa nimeyaweka kwenye fungu la umaskini yaliondoka humo usiku mmoja, na sikuwa na fungu jingine la kuyaweka. Kwa siku nne tulizungumza mambo ya watoto na maji ya dumu tu.

Siku ya tano nilimwonyesha kalenda na kumweleza hesabu ya mkunga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hawakusema pale?" Sikuwa na cha kumjibu. Muuguzi yule alikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje, na alinieleza alichotakiwa kunieleza. Kadi yenyewe ina nafasi ya tarehe ya hedhi ya mwisho na nafasi ya tarehe ya kutarajia kujifungua, na kwa mtu wa kazi hiyo maelezo yametimia. Kwa utingo aliyetoka Tunduma hayajatimia.

Niliwaeleza wenzangu katika kikundi kwa ruhusa ya mume wangu, na papo hapo tukagawanyika. Tulikuwa watu sita: mpiga picha, mnasa sauti, kijana wa taa ambaye pia aliendesha jenereta, waigizaji wawili, na mimi niliyeandika na kuongoza. Mwigizaji wa nafasi ya mwanamke alipinga kwa nguvu. Alisema kwamba tukimfuata mwanaume hadi kwenye pantoni, tukamwonyesha akihesabu na kuumia, mtazamaji atamhurumia yeye, na mwanamke ambaye hana kosa lolote atageuka kuwa mshtakiwa anayesubiri kusafishwa na tarehe. "Ina maana zisingelingana ingekuwa halali kumwacha?" aliuliza. Lilikuwa pingamizi zito, na bado ninaliona zito. Kijana wa nafasi ya mwanaume naye alisema kwamba tusipomfuata tutakuwa tumetengeneza filamu nyingine ya mwanaume anayekimbia mimba, na mtaani zipo za kutosha.

Tulibishana kwa jioni mbili, na tuliloamua ni hili: mtazamaji ajue hesabu kabla ya mwanaume kuijua. Katika tukio la kliniki, kabla ya zamu ya mwanamke wetu, muuguzi anamweleza mama mwingine kwamba wiki zinaanzia kwenye hedhi, siyo kwenye siku mimba ilipotunga. Mwanaume wetu wakati huo yuko nje akinunua karanga. Anaingia pale tu muuguzi anaposema wiki saba. Mwanamke amesikia maelezo yote lakini hayamhusu, kwa kuwa yeye hana anachokitilia shaka. Kwa mpangilio huo hakuna anayemhukumu mwanamke hata kwa sekunde moja, na tunapomwona mwanaume akikunja vidole kwenye pantoni tunajua kwamba anakosea, tunajua anakosea wapi, na hatuna namna ya kumwambia. Hilo ndilo nililojifunza kuhusu uandishi katika kazi ile, na nililijifunza kwa sababu mwigizaji alikataa kunitii.

Kulikuwa na mambo mengine ya skripti yaliyohitaji kusahihishwa, na nitaje moja kwa sababu linarudiwa sana. Nilikuwa nimemwandikia shangazi wa mwanamke maneno yanayosemwa mtaani, kwamba watu wakikaa pamoja miezi sita basi ni mke na mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inazungumzia miaka miwili au zaidi, tena ni dhana ambayo inaweza kupingwa mahakamani. Niliyaacha maneno ya shangazi yalivyo, kwa kuwa mashangazi husema hivyo, ila nikampa mshenga jibu fupi la kumsahihisha.

Upigaji wenyewe ulichukua siku tano za Aprili, na ulikuwa mgumu kwa sababu moja tu, mvua. Nilitaka mvua iwepo, nikasahau kwamba mvua juu ya bati haimwachi mtu asikike. Mnasa sauti wetu alitundika magodoro mawili kwenye dari na mablanketi mlangoni, na hata hivyo tulilazimika kungoja ipungue, tukapiga picha za maneno usiku wa manane na zile za kimya mchana. Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho, na kwa tukio la kivukoni tuliomba ruhusa ya wanaokiendesha. Tulipewa safari nne, kamera moja, bila taa. Zilitutosha. Tukio hilo lina dakika moja na nusu na halina neno hata moja: watu wanapanda na baiskeli na vikapu vya samaki, magari yanafuata, mlango unainuliwa, na kijana wetu amesimama kwenye ukingo akigusa kidole gumba kwa kila kidole kwa zamu. Mume wangu ndiye aliyemwambia asimame. Mimi nilikuwa nimepanga aketi.

Filamu ilipokamilika, dakika 14, tuliionyesha mara ya kwanza katika uwanja wa nyumba ileile ya Temeke tuliyoikodi kwa ajili ya kupigia picha, kwenye shuka jeupe lililofungwa kwenye kamba za kuanikia nguo. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu uigizaji na mwisho wake. Hakuna aliyeuliza. Mazungumzo yalikwama kwenye hesabu, na yalikaa hapo karibu saa nzima. Mama mmoja wa makamo alimwomba mkunga wetu, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, arudie maelezo mara mbili, kisha akauliza kama utaratibu huo wa kuhesabu ulikuwepo tangu miaka ya themanini. Mkunga akamjibu kwamba ulikuwepo. Yule mama akasema, "Haya," akamchukua mjukuu wake aliyelala mkekani, akaingia ndani. Nimemfikiria mara nyingi kuliko nilivyofikiria jambo lolote jingine la filamu ile. Mkunga naye alianza usiku uleule kuwaambia mabinti waliokuwa pale waseme hesabu zote mbili wanapozungumza na wenzao: ujauzito una wiki kadhaa kwa kadi, na mimba yenyewe ilitunga takribani wiki mbili baadaye. Kwa maneno yake, hiyo ni sentensi moja zaidi, na foleni haitaongezeka kwa sentensi moja.

Nirudi kwenye tukio la mwisho, ambalo tulilipiga usiku wa nne. Nilikuwa nimeliandika upya baada ya mume wangu kuniambia habari ya mlangoni. Mwanaume wa filamu anarudi amelowa, anamkuta mwanamke akipanga ndoo, na yeye anauliza. Nilitaka aulize kwa namna ambayo swali halitakuwa shutuma, na sentensi niliyomwandikia ilikuwa "Wiki saba zinaanzia wapi?" Tulirudia mara 11. Mara nyingine ilitoka kama ya polisi, mara nyingine kama ya mtu anayeomba radhi, na mara mbili mvua iliimeza. Mume wangu alikuwa nje ya mlango, akishikilia godoro la tatu lizuie kelele za jenereta, na kwa vyovyote alikuwa akisikia kila mara sentensi ile iliposemwa.

Mara ya 11 kijana aliisema akiwa ameinama akifungua kamba za viatu, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mwigizaji mwenzake alikuwa na sentensi aliyoandikiwa, nayo ilikuwa nzuri, lakini hakuisema. Aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akachukua kadi kutoka chini ya mto, akakaa sakafuni kando ya viatu vilivyolowa na kuweka kidole chake kwenye mstari wa kwanza. "Tarehe ishirini na nane Februari," alisema. "Siku hiyo nilikuwa kwenye hedhi. Wewe ulikuwa Tunduma. Haya, tuhesabu." Wakaanza kuhesabu siku moja moja, kwa vidole vyake na vya mwenzake vilipokwisha vyake, na walipofika tarehe tisa Machi kijana alitaja mwenyewe kwamba hapo amerudi, wakaendelea. Skripti ilikuwa imekwisha kitambo. Mpiga picha alinitazama akisubiri neno langu, na nyuma ya mlango nilisikia godoro likitelezea chini taratibu hadi likagusa ardhi, kelele za jenereta zikaingia chumbani, na sauti ya tukio lile ikaharibika kuanzia pale. Sikusema "kata." Niliwaacha wahesabu mpaka tarehe 18 Aprili.